Nani Atawafundisha? Jinsi Marekani Ilivyotafuta Walimu wa Watoto Wenye Ulemavu

Mzazi mwenye mtoto kiziwi, au kipofu, au mtoto ambaye akili yake huenda polepole kuliko za wenzake, huambiwa siku hizi, "Mpeleke shule, elimu ni haki yake." Maneno hayo ni mema. Lakini mzazi huyo akifika shuleni amemshika mtoto wake mkono, jambo kubwa atakalotaka kujua ni hili: Je, ndani ya darasa yuko mtu ajuaye kumfundisha mtoto wa namna hii? Mlango wa shule waweza kufunguliwa kwa sheria, tena kwa siku moja. Mwalimu haandaliwi kwa siku moja.

Wiki hii twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi shauri hili lilivyokwenda katika nchi ya Marekani. Hatukuichagua Marekani kwa kuwa kila kitu cha huko ni chema. Tumeichagua kwa sababu huko kazi ya kuwaandaa walimu wa watoto wenye ulemavu iliandikwa katika sheria ya nchi, ikagawanywa kati ya serikali kuu, majimbo na wilaya, nayo imejaribiwa kwa muda wa miaka hamsini. Mengine yamefaulu. Mengine yamekwama hata leo, na hayo nayo yafaa kusomwa.

Kwanza yatupasa kujua kwamba Marekani hakuna wizara moja mjini Washington inayoajiri walimu wa nchi nzima. Majimbo ni 50, na kila jimbo lina serikali yake, bunge lake na sheria zake za elimu. Jimbo ndilo litoalo leseni ya ualimu. Chini ya jimbo zipo wilaya za shule, kiasi cha 13,000 nchi nzima, kila moja ikiwa na baraza lake, na nyingi hujikusanyia kodi zake zenyewe. Wilaya ndiyo imwajiriyo mwalimu na kumlipa mshahara. Basi mtu akisema huko, "Walimu wafundishwe," papo hapo huulizwa: afundishe nani, alipe nani, na nani ahesabu wangapi wanatakiwa?

NYUMBA YA AKINA KENNEDY

Miaka ya zamani wazazi wengi wa Marekani walikuwa na njia mbili tu. Mtoto mwenye ulemavu alikaa nyumbani, mara nyingi akifichwa, au alipelekwa katika nyumba kubwa za serikali mbali na jamaa zake, akaishi humo mpaka kufa. Walikuwako wachache waliopata mahali pema. Mashirika ya Masista yalifungua shule kadha wa kadha za kuwatunza na kuwafundisha watoto wa namna hii, na mojawapo ni Mtakatifu Coletta, katika mji wa Jefferson, jimbo la Wisconsin, iliyofunguliwa na Masista Wafransisko mwaka 1904.

Katika shule hiyo ya Masista aliishi binti mmoja ambaye jina la jamaa yake lajulikana dunia nzima. Rosemary Kennedy alizaliwa mwaka 1918, dada yake John Kennedy aliyekuja kuwa Rais wa kwanza Mkatoliki wa Marekani. Tangu utotoni alichelewa katika kujifunza. Mwaka 1941, alipokuwa na umri wa miaka 23, baba yake alikubali apasuliwe ubongo, kwa matumaini kwamba atatulia. Matokeo yalikuwa mabaya sana: msichana aliyekuwa akicheza dansi na kuandika barua hakuweza tena kutembea wala kusema sawasawa. Mwaka 1949 akapelekwa kwa Masista huko Jefferson, na huko ndiko alikokaa mpaka alipofariki mwaka 2005. Miaka mingi jamaa yake hawakusema neno mbele ya watu.

Aliyevunja kimya hicho ni dada yake mdogo, Bibi Eunice Kennedy Shriver. Mwaka 1962 aliandika habari za Rosemary katika gazeti kubwa la nchi, kila mtu akasoma. Wazazi wengi waliokuwa wakijiona peke yao wakajua kwamba hata katika nyumba ya Rais jambo hili limo. Mwaka uo huo Bibi Shriver alifungua kambi ya michezo nyumbani kwake, katika jimbo la Maryland, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili. Wataalamu wa kutosha hawakuwako, basi akawaita vijana wa shule za sekondari na vyuo kuwa wasaidizi, kijana mmoja na mtoto mmoja. Kutoka katika kambi hiyo yakatokea baadaye mashindano ya michezo yaitwayo Special Olympics, yaliyofanyika mara ya kwanza mjini Chicago mwaka 1968.

Lakini kambi ya kiangazi si shule. Nchi ilihitaji walimu, tena maelfu, na vyuo vikuu vyenyewe havikuwa na watu wa kutosha wa kuwafundisha walimu hao. Hapa Wamarekani walifanya jambo la busara. Mwaka 1958, Rais Eisenhower alipokuwa madarakani, ilipitishwa sheria ndogo iliyotenga dola milioni 1 kwa mwaka. Fedha hizo zilipewa vyuo vikuu na idara za elimu za majimbo ili kuwasomesha wale watakaokuwa walimu wa walimu na wasimamizi wa kazi hiyo. Walianza na mtu wa juu, atakayezaa wengine, ndipo wakaja kwa mwalimu wa darasani. Sheria hiyo ya kwanza ilihusu watoto wenye ulemavu wa akili tu. Mwaka 1963 Rais Kennedy akatia sahihi sheria nyingine iliyoongeza viziwi, vipofu, wenye ulemavu wa viungo, wenye kigugumizi na matatizo mengine ya usemi, na wenye matatizo ya moyo na tabia. Aliitia sahihi tarehe 31 Oktoba. Wiki tatu baadaye akauawa.

WAZAZI WAENDA MAHAKAMANI

Walimu wakaanza kupatikana, ila shule nyingi ziliendelea kuwakataa watoto. Katika jimbo la Pennsylvania sheria iliiruhusu shule kumkataa mtoto ambaye akili yake haijafikia ile ya mtoto wa miaka mitano. Chama cha wazazi wa jimbo hilo kikalishtaki jimbo mwaka 1971, na mwaka uliofuata shauri likamalizika kwa mapatano kwamba watoto hao wafundishwe bure. Mwaka huo wa 1972, mjini Washington, mahakama ilisikia shauri la wazazi wengine. Wilaya ya shule ilijitetea kwamba fedha hazitoshi. Jaji alijibu kwamba fedha zikipungua, upungufu huo usimwangukie mtoto mwenye ulemavu zaidi kuliko mtoto mwingine.

Jibu hilo yafaa wakubwa wote wa elimu walijue, hata wa nchi zisizo na dola nyingi. Jaji hakusema kwamba fedha zipo. Alisema chakula kikiwa haba, kigawanywe kwa haki kwa watoto wote waliomo nyumbani.

Ndipo ikaja sheria kubwa ya mwaka 1975. Bunge la Marekani liliandika katika sheria hiyo kwamba nchini mna watoto wenye ulemavu zaidi ya milioni 8. Zaidi ya nusu yao hawapati mafundisho yanayowafaa, na milioni 1 hawaingizwi kabisa katika shule za umma. Rais Gerald Ford alitia sahihi tarehe 29 Novemba 1975, naye alionya waziwazi kwamba sheria yaahidi makubwa kuliko uwezo wa serikali kuu kuyatimiza. Alisema kweli, kama tutakavyoona.

Sheria iliagiza kwamba kila mtoto mwenye ulemavu apate elimu ya bure inayomfaa, na kwamba kila mmoja aandikiwe mpango wake mwenyewe wa masomo: ajua nini sasa, mwaka huu atafundishwa nini, na nani atamsaidia. Mpango huo waandikwa katika mkutano wa walimu pamoja na wazazi.

KUHESABU KABLA YA KUFUNDISHA

Katika sheria hiyo ndefu mlikuwa na kifungu kimoja ambacho magazeti hayakukishughulikia sana. Kilisema kwamba jimbo litakalo fedha za serikali kuu halina budi kuonyesha mpango kamili wa kuwaandaa watumishi wote wa kazi hii, si kwa maneno ya jumla, bali kwa taratibu zilizoandikwa moja moja. Mwaka 1977 zikatoka kanuni za kueleza kifungu hicho. Tuzitazame kidogo, maana humo ndimo kilimo kiini cha habari yetu.

Jimbo liliagizwa kila mwaka lichunguze ni watumishi gani wanaotakiwa na mafundisho gani yamepungua. Lisifanye hivyo peke yake ofisini. Liwaite watu wa vyuo, wa wilaya za shule, na wa vyama vya wazazi, wakae pamoja. Kisha kanuni zikataja wale wapasao kufundishwa. Mtu angedhani ni walimu wa elimu maalumu tu. La! Wametajwa walimu wa madarasa ya kawaida, wasimamizi wa shule, wataalamu wa matamshi na masikio, walimu wa michezo, waganga, watu wanaojitolea, na wazazi pia.

Walimu wa madarasa ya kawaida walitajwa kwa sababu njema. Mtoto asiyeona vizuri huenda akakaa na mwalimu maalumu saa moja kwa siku. Saa nyingine zote yumo darasani na wenzake, mbele ya mwalimu wa hesabu au wa historia ambaye hakufundishwa neno moja juu ya macho. Mwalimu huyo asipojua kwamba yampasa kusoma kwa sauti kila aandikalo ubaoni, mtoto atakaa tu kama mfuko wa mahindi, na mwisho wa mwaka ataambiwa ni mjinga.

Mwaka 1990 sheria iliongezwa makali. Majimbo yaliagizwa kuhesabu kila mwaka watumishi walioko, wa kila aina, wanaotakiwa, wanaokaribia kustaafu au kuacha kazi, na vyuo vya jimbo vinatoa wahitimu wangapi. Tena walitakiwa kukadiria mahitaji ya miaka mitano mbele. Sababu yake ni nyepesi kuielewa kwa mkulima. Mwenye kutaka kuvuna kahawa hapandi mche mwezi wa mavuno. Mwalimu wa viziwi husoma miaka kadhaa kabla hajashika darasa. Basi ukingoja mpaka yule wa zamani astaafu ndipo uanze kumtafuta mwingine, watoto watakaa bila mwalimu miaka yote hiyo.

Hivyo kazi iligawanyika. Jimbo lilihesabu, likapatana na vyuo, likatoa leseni, likaeneza habari za njia mpya zilizothibitika. Wilaya iliyo karibu na watoto ilitakiwa kusema ukweli wa mahali pake: "Kwetu mwalimu wa Braille hayuko," au, "Walimu wetu kumi na wawili wamepewa watoto wasiosema na hawajui la kufanya." Jimbo lisilosikia sauti ya wilaya huandaa semina nzuri za mambo yasiyotakiwa. Nayo wilaya iliyoachwa peke yake haina chuo cha kumsomesha mtu.

SEMINA YA SIKU MOJA

Wasomaji wetu walio walimu wanajua namna moja ya mafunzo ambayo yaonekana ni ile ile dunia nzima. Walimu wote waitwa mahali pamoja. Aja mtaalamu kutoka mjini. Asema tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, wote waandika, wapiga makofi, warudi nyumbani. Jumatatu kila mtu afundisha kama alivyofundisha Ijumaa.

Marekani walikuwa na semina za namna hiyo kwa wingi. Mwaka 1980 wachunguzi wawili, Bruce Joyce na Beverly Showers, walitoa makala iliyokusanya matokeo ya uchunguzi mwingi juu ya mafunzo ya walimu walioko kazini. Walionyesha kwamba kuelezwa jambo peke yake hakutoshi. Mwalimu ahitaji kuonyeshwa likifanyika, kulijaribu mwenyewe, kuambiwa alipokosea, na zaidi ya yote kupata mtu wa kumfuata mpaka darasani kwake, akae naye mara kwa mara mpaka mkono uzoee. Fundi cherehani yeyote angewaambia hayo bila uchunguzi. Ndivyo alivyomfundisha mwanagenzi wake. Lakini wakubwa wa elimu hupenda kusoma mambo yakiwa yameandikwa, na ni vizuri kwamba yaliandikwa.

Shida ni kwamba mtu wa kumfuata mwalimu darasani ni ghali kuliko mtu wa kuhutubia ukumbini. Tena mwalimu akienda kujifunza, nani ashike darasa lake? Kanuni zile za mwaka 1977 ziliyafikiri hayo. Ziliagiza walimu watiwe moyo wa kujifunza: wapewe nafasi ya kutoka kazini, au malipo, au mafunzo yahesabiwe katika kupandishwa mshahara na kufanya leseni iwe mpya. Mkono mtupu haulambwi, hata wa serikali.

VIJIJI VYA MAHINDI

Jimbo la Iowa liko katikati ya Marekani. Ni nchi ya mahindi, soya na nguruwe, na wilaya nyingi za shule ni ndogo, zenye watoto mia chache tu. Katika wilaya kama hiyo huenda akawako mtoto kiziwi mmoja. Je, wilaya iajiri mtaalamu wa viziwi kwa mtoto mmoja? Haiwezi. Je, mtoto apelekwe mbali, aishi bwenini tangu miaka mitano? Wengine ndivyo walivyofanyiwa.

Bunge la Iowa lilitafuta njia ya tatu. Mwaka 1974 lilitunga sheria ya kugawanya jimbo katika maeneo 15, na mwaka 1975 kila eneo likapata shirika lake la elimu la kuzihudumia wilaya zote zilizomo. Shirika ndilo liajirilo wataalamu wa matamshi, wa masikio, wa akili za watoto, na walimu washauri. Watu hawa hawakai shule moja. Leo yuko kijiji hiki, kesho kile, na motokaa za shirika hupeleka vitabu na vyombo vya kufundishia shule kwa shule. Mtaalamu anapofika, hamfundishi mtoto tu. Humwonyesha pia mwalimu wa pale namna ya kuendelea siku ambazo yeye hayupo. Kwa njia hiyo mafunzo ya walimu na mafundisho ya watoto yalikwenda pamoja. Jimbo la New York lilikuwa limeanza ushirika wa wilaya kwa wilaya tangu mwaka 1948, na Pennsylvania nayo ilijenga wa kwake, lakini sisi twaupenda mfano wa Iowa kwa sababu ni wa watu wa mashamba.

Maeneo hayo baadaye yaliunganishwa, yakabaki 9. Mwaka 2024 kukawa na ubishi mkubwa. Gavana alitaka wilaya zenyewe zishike sehemu kubwa zaidi ya fedha, na idara ya elimu ya jimbo isimamie elimu maalumu kwa karibu zaidi. Wazazi wengi wakaenda makao makuu ya jimbo kulalamika, wakiogopa kwamba wataalamu wao watapungua. Sheria ilipita, ikiwa imelegezwa kuliko ilivyoanza. Waliotaka mabadiliko walisema kwamba fedha nyingi zaingia na watoto wenye ulemavu hawaendelei inavyopasa. Waliopinga walisema wilaya ndogo ikipewa fedha mkononi haiwezi kwenda sokoni ikanunua mtaalamu ambaye hayuko. Mwandishi wa habari hii aona hawa wa pili wana sababu nzito, ingawa wa kwanza nao hawakusema uongo.

MKALIMANI KATIKA SHULE YA KIKATOLIKI

Wasomaji wetu watauliza: Na watoto wa shule za Kanisa, je? Mjini Tucson, jimbo la Arizona, alikuwako kijana kiziwi tangu kuzaliwa, James Zobrest. Wazazi wake walimpeleka sekondari ya Kikatoliki ya Salpointe. Wakaiomba wilaya ya shule imlipe mkalimani wa lugha ya alama wa kukaa naye darasani, kama ambavyo wangemlipa angalikuwa katika shule ya umma. Wilaya ikakataa: mkalimani atafasiri hata mafundisho ya dini, na fedha za serikali haziruhusiwi kutumika kwa mambo ya dini. Wazazi wakamlipa mkalimani kutoka mfukoni mwao, wakaenda mahakamani.

Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 1993 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba kumpa kijana huyo mkalimani hakuvunji katiba, kwa maana msaada ni wa mtoto, wala si wa shule wala wa dini. Haikuwa na maana kwamba kila mtoto wa shule ya Kanisa apate kila kitu. Hata leo sheria yaagiza wilaya iwatafute watoto wenye ulemavu waliomo katika shule za binafsi pia, na sehemu ya fedha za serikali kuu itumike kwa ajili yao, lakini haki yao si sawa na ya mtoto wa shule ya umma. Hata hivyo tazameni shauri zima lilikuwa juu ya nini. Si jengo, si kitabu. Ni mtu mmoja ajuaye kufasiri kwa mikono.

Na tukitaja viziwi, si vema tumpite Andrew Foster. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi kutoka Alabama, kiziwi tangu umri wa miaka 11. Mwaka 1954 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, mjini Washington. Mwaka 1957 akaenda Ghana, akafungua shule ya viziwi, na baada ya hapo nyingine nyingi, zaidi ya 30, katika nchi mbalimbali za Afrika. Hakuwa Mkatoliki, lakini alikuwa mtu wa sala na wa bidii. Alijua kwamba hawezi kukaa kila mahali. Kwa hiyo aliwakusanya vijana viziwi Waafrika huko Ibadan, Nigeria, akawafundisha kazi ya ualimu, wakarudi makwao kufundisha. Alifariki mwaka 1987 katika ajali ya ndege nchini Rwanda.

FEDHA, NA WALIMU WANAOONDOKA

Turudi kwenye onyo la Rais Ford. Sheria ya mwaka 1975 iliweka shabaha kwamba serikali kuu itafikia kulipa sehemu 40 katika mia ya gharama ya wastani ya mwanafunzi mmoja, ili kuyasaidia majimbo. Haijawahi kufikia hata nusu ya mia 40 kwa muda wa kudumu. Zilizobaki zatoka katika majimbo na kodi za wilaya, na wilaya maskini ndizo zinazoumia.

Watoto nao wameongezeka katika hesabu. Mwaka wa shule wa 1976 na 1977 waliopata elimu maalumu walikuwa kiasi cha milioni 3.7. Mwaka wa 2022 na 2023 walikuwa milioni 7.5, yaani 15 katika kila wanafunzi 100 wa shule za umma. Hilo ni jambo la kushukuru, kwa kuwa wengi wao zamani wasingalihesabiwa. Lakini walimu hawatoshi. Mwaka hata mwaka majimbo mengi hutaja elimu maalumu katika orodha ya masomo yaliyopungukiwa na walimu. Wilaya isiyopata mwalimu mwenye leseni huchukua mtu asiyemaliza mafunzo, kwa kibali cha muda. Wengine humweka mtoto chini ya msaidizi wa darasani. Tangu mwaka 1997 sheria yasema wasaidizi hao wafundishwe na kusimamiwa inavyofaa, lakini wengi wao mshahara ni mdogo na mafunzo ni machache.

Kwa nini walimu waondoke? Wenyewe hutaja hesabu kubwa ya watoto, makaratasi mengi ya kujaza, na upweke: mwalimu mmoja wa elimu maalumu katika shule nzima, asiye na mwenzake wa kumwuliza. Basi nchi yamwaga maji katika mtungi uliotoboka. Vyuo vyatoa walimu wapya, na wa zamani watoka kwa mlango wa nyuma. Hapa ndipo mpango wa mafunzo unapopaswa kuangalia si kuingia tu bali na kukaa: mwalimu mpya apewe mkubwa wa kumshika mkono miaka ya kwanza, na mwalimu mkuu afundishwe kuijua kazi ya walimu anaowasimamia.

Mwaka 2004 sheria ilipotengenezwa upya, kifungu kile cha mpango kamili wa watumishi kiliondolewa kwa upande wa watoto wa umri wa shule. Mahali pake pakawekwa masharti juu ya sifa apaswazo kuwa nazo kila mtumishi, pamoja na fedha za msaada kwa majimbo yanayoendeleza watumishi wao. Kwa watoto wachanga walio chini ya miaka mitatu, mpango kamili ungali unatakiwa. Sisi twaona mabadiliko hayo yalikuwa hasara. Kusema "mwalimu awe na sifa hizi" ni rahisi. Kuhesabu miaka mitano mbele kwamba watatoka wapi ni kazi ngumu, na kazi ngumu isipoagizwa huachwa.

Jambo moja limeendelea vema. Tangu mwaka 1983 sheria yatoa fedha za kufungua vituo vya kuwafundisha wazazi, na kila jimbo lina kimoja walau. Baraza la kila kituo sharti wengi wake wawe wazazi wa watoto wenye ulemavu. Humo mzazi hufundishwa kusoma mpango wa masomo wa mtoto wake, kujua haki zake, na kusema katika mkutano bila woga mbele ya watu wenye shahada. Wazazi waliofundishwa hivyo ndio wanaoziuliza wilaya maswali yasiyokwepeka.

Wasomaji wetu walio katika kamati za shule wanaweza kuanza na maswali mawili katika mkutano ujao. Shuleni kwetu wamo watoto wangapi wasiosikia, wasioona vizuri, au wanaochelewa, tukiwahesabu na wale waliobaki nyumbani? Na mwalimu yupi atapelekwa kujifunza kazi ya kuwafundisha, nani atashika darasa lake siku hizo, na akirudi atawaonyesha lini wenzake?